Kijiko kilichonionyesha sura mbili

Nlikuwa nimekaa kwenye siti ya opereta, saa moja asubuhi, Isyesye hapa Mbeya, baridi ile ya mwezi wa saba ambayo ukiongea moshi unakutoka mdomoni kama umevuta. Nikawasha kijiko changu kidogo, mashine ya kuchimba, nikakiacha sailensi, injini inazunguka polepole bila resi, kipate moto. Nikatupa jicho kwenye saiti mira, kioo cha pembeni, nione kama kuna mtoto nyuma, maana pale watoto wa shule wanapenda kukatiza.

Mtoto hakuwepo. Nlijiona mwenyewe, mara mbili. Pua mbili, vilemba viwili, kama picha iliyopigwa ndani ya daladala inayopita kwenye mashimo.

Nikasogeza levo ya resi kidogo. Sura zikazidi kuachana. Nikasogeza tena kidogo, ghafla zikaungana, nikawa mtu mmoja.

Nikarudisha. Wawili tena.

Nlikaa pale karibu dakika kumi nachezea ile levo, mbele, nyuma, mpaka kijana anayenisaidia akaja kuuliza bosi vipi, mbona dizeli inaisha na hatujachimba hata futi moja. Sikumjibu. Nlikuwa naangalia kioo.

Kiuno

Wanaonifuatilia wanakijua hiki kijiko, tani tatu na nusu, injini ya silinda 3 isiyo na tabo (ile ya kuisukumia hewa injini), mtumba wa Japani, tunachimba mitaro ya mabomba, misingi, mashimo ya choo, kuanzia Iganjo mpaka huko Tukuyu tukipata mtu wa bwawa la samaki. Sirudii historia.

Narudia kitu kimoja tu ambacho kwa wiki sasa kinanikosesha usingizi.

Mwezi wa tano opereta wangu aliniambia, "Dada, saivi hii mashine inanipiga kiuno." Mi nikamjibu, kwa utani lakini utani wenye mwiba, "Kiuno chako au cha mashine?" Akacheka. Baada ya wiki mbili akasema siti imekufa. Nikanunua godoro kipande nikashonesha kava pale Mwanjelwa, nikaona nimemaliza. Akarudi tena, safari hii hakusema kiuno, alisema injini inatetemeka sana ikiwa sailensi, nikamwambia wewe ndo unaikimbiza resi kama uko kwenye mashindano, lazima ichoke.

Nlimwambia hivo mbele ya mteja.

Akamaliza mwezi, akachukua hela yake, akaniaga vizuri kabisa, akaenda Chunya.

Juzi usiku nimekaa nasoma habari za mitetemo nikakuta wenzetu Umoja wa Ulaya wana maelekezo ya tangu 2002 kuhusu mtetemo unaoingia mwilini mwa mtu akiwa kazini. Kwa zamu ya masaa 8 mtetemo ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba mwajiri anatakiwa aanze kuchukua hatua, na 1.15 ndo mwisho, huvuki hapo. Yaani kuna watu walikaa wakapima kiuno cha opereta wakakiwekea namba. Mi nlikiwekea godoro.

Mafundi watatu, magonjwa matatu

Yule aliyeniuzia mashine yuko Dar, nikampigia video akaona moshi mweusi kidogo nikivuta mzigo, hapohapo akasema nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zimekwisha. Haikuchukua hata dakika. Nikashawishika, maana alivosema alisema kama mtu anayejua.

Ila yeye yuko usawa wa bahari bana. Huku Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, presha yake ni pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo iliyopo. Pampu inaendelea kupeleka dizeli ileile ya pwani, hewa ya kuiunguza haitoshi, unapata moshi mweusi kidogo na nguvu inapungua. Kwa hiyo ule moshi ulikuwa wa mlima, mashine yenyewe haikuwa na neno. Nimelijua hilo baadae sana, na nimelilipia.

Fundi wa pili alikuwa na hoja nzuri zaidi. Akafungua kile kikombe cha kuchuja maji chini ya filta, akamwaga kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa, tukaona kwa macho, dizeli juu, maji chini, mstari katikati umenyooka kama umepigwa rula. Ile dizeli tulinunua kwenye madumu tukiwa Tukuyu, na Tukuyu mvua yake mnaijua, dumu likikaa nje limefunikwa na jani la mgomba usitegemee miujiza. Akabadilisha filta, akatoa hewa kwenye mabomba, tukawasha.

Ikatulia! Siku mbili nimemsifia kwa kila mtu.

Siku ya tatu ikarudi. Sio kama mwanzo, pungufu, lakini ipo. Hapa ndo nlipopotea kabisa, kwa sababu nlishaona dawa inafanya kazi, kwa hiyo nikadhani dozi haikutosha. Nikabadilisha filta tena. Nikasafisha tenki. Haikunijia akilini kwamba kulikuwa na magonjwa mawili, yule mdogo akaondoka na yule mkubwa akabaki amekaa tu anatuangalia.

Fundi wa tatu hakufungua kitu. Alisikiliza, akainama, akasema ovahoo, kuifungua injini nzima na kuitengeneza upya, milioni mbili na laki nane, spea juu yangu.

Na hela nlikuwa nayo. Kikoba kilikuwa kimevunjwa wiki ileile. Nlishafika hatua ya kuuliza watanipa mashine lini.

"Umemleta mgonjwa hujamuuliza anaumwa wapi"

Kilichonizuia ni shemeji, akasema kabla hujatoa hiyo hela nenda kwa mzee mmoja pale Uyole, zamani alikuwa anatengeneza matrekta, saivi amestaafu ila mikono haijastaafu.

Nikaenda. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza, nozeli, maji, filta, ovahoo. Aliniacha nikamaliza yote. Afu akauliza, "Inatetemeka saa ngapi?"

Sikuelewa.

"Ikiwa ya baridi au ya moto? Ikiwa imetulia au umeipa resi? Resi kiasi gani? Ukivuta levo ya baketi inazidi au inapungua? Ukizima inafanyaje?"

Mwanangu mimi sikujua hata moja. Namiliki mashine mwaka wa pili, najua bei ya kila kitu kilichomo, najua imeingiza shilingi ngapi mwezi wa pili, sijui inatetemeka saa ngapi.

"Umemleta mgonjwa hujamuuliza anaumwa wapi," akasema. "Nenda kakae nayo asubuhi. Usishike spana. Kaa tu."

Ndo hiyo asubuhi ya kioo.

Niliporudi na ile habari ya sura mbili mzee alifurahi kama nimempelekea kilo ya nyama. Akanikalisha akanielekeza, na hapa naandika jinsi alivoongea kwa sababu sijaona mtu akiieleza hivi. Ikitetemeka asubuhi tu na moshi mweupe, ikipata moto inaacha, angalia plagi za kupashia, na kwa baridi ya huku wala usishtuke sana. Ikitetemeka sailensi kwa kishindo cha polepole, kama mtu anayechechemea, silinda moja imelala. Ikitetemeka kidogo chini na kadiri unavoongeza resi inazidi, inazidi, haishuki, hapo kuna kitu kinachozunguka hakijakaa sawa, panga la feni limevunjika kipande, puli, vitu hivo. Ikiwa imetulia vizuri ila ukivuta levo ndo inaanza, acha injini, nenda kwenye kaplingi, kile kiungo kati ya flaiweli ya injini na pampu ya haidroliki, au haidroliki inavuta hewa, na hiyo ya hewa inalia, utasikia mlio mwembamba kama mbu.

"Na ikitetemeka sehemu moja tu ya resi, chini ya hapo nafuu, juu ya hapo nafuu?"

Akanyanyua vidole vinne. Hakusema.

Spana ya 17

Mzee hakutaka kuniamini mimi na kioo changu moja kwa moja, na hilo nalipenda kwake. Kesho yake akaja Isyesye na bodaboda, kashika kimfuko cha rambo kina spana tatu na tochi.

Kwanza akataka kuhakikisha silinda zote ziko hai. Injini ikiwa sailensi, akashika spana ya 17 akalegeza kidogo sana nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli ya kwanza, dizeli ikaanza kuchuruzika pale, injini ikaanguka sauti, ikachechemea, karibu izime. Akakaza, ikasimama. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. "Wote watatu wanafanya kazi," akasema. Angelegeza moja na sauti isibadilike, huyo ndo angekuwa mvivu, maana kumwondoa kazini hakuna anayemkumbuka.

(Msikimbilie kujaribu hii. Inafanyika kwenye injini za zamani za pampu ya kawaida, hizi za kisasa za komoni reli usiguse kabisa, presha yake ni ya kuua. Na hata kwenye ya zamani usiweke kiganja mbele ya hiyo dizeli, inatoboa ngozi na kuingia ndani, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.)

Nikamuuliza kwa nini silinda ikilala mtu anaihisi kiunoni kuliko masikioni. Akanipigia hesabu kwa kijiti kwenye vumbi. Injini ya silinda 3 ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, inapiga mapigo 1,800 ya moto, yaani 30 kila sekunde, mwili unayachukulia kama mngurumo tu. Mmoja akilala, lile pengo linajirudia mara 10 kwa sekunde. Mara 10 mtu unaihesabu na mifupa.

Kwa hiyo sio silinda. Nlitamani nimpigie yule wa milioni mbili na laki nane palepale.

Mikono miwili

Hiki ndo kipande ambacho ningependa kila mwenye mashine akione.

Mzee akanishika mkono wa kulia akauweka kwenye bracketi ya injini, juu tu ya ule mpira unaoikalisha injini kwenye chesesi, fremu ya mashine. Mauntingi. Mkono wa kushoto akauweka chini ya mpira, kwenye chuma cha chesesi. "Sikiliza kwa viganja."

Kona ya kwanza, upande wa pampu. Juu panatetemeka, chini panatetemeka. Sawasawa. Kama vile hakuna kitu katikati.

Kona ya pili, upande huohuo, vilevile.

Tukahamia upande wa feni. Juu panaruka, panayumba, injini inacheza kama mlevi, chini pana afadhali.

Nikasema, kwa hiyo huku ndo kubovu, panacheza zaidi. Akatikisa kichwa.

"Injini ya silinda 3 kazi yake ni kutetemeka. Wewe ulitaka ifanye nini, ilale? Kazi ya mpira ni kuiacha itetemeke peke yake. Usiulize inatetemeka kiasi gani, uliza mtetemo unaishia wapi."

Nimeishi na hiyo sentensi wiki nzima. Mafundi wote watatu, na mimi wa nne, tuliangalia injini kwa sababu ndo inayopiga kelele. Hakuna aliyeinama kuangalia vipande vinne vya mpira ambavyo havijawahi kusema kitu.

Miwili tu

Alipofungua, upande wa feni mipira ilikuwa ya zamani, ile ya kuja nayo Japani, imelowa oili ya lile bomba lililokuwa linavuja mwaka jana. Imevimba, laini, ukibonyeza kwa dole gumba inaacha shimo kama andazi, na mmoja umeachana na chuma chake, unaweza kupitisha kisu. Upande wa pampu mipira ilikuwa mipya. Mipya na migumu kama soli ya buti. Mashine nyingi mpira wa mbele na wa nyuma haufanani ugumu, kwa sababu upande wa pampu una uzito wake na wa feni una wake, sasa hii ilikuwa imewekwa iliyopatikana, umbo linaingia, boluti inaingia, basi.

Injini ilikuwa imelalia upande wa feni. Kwa kulalia huko bomba la egzosi likashuka likagusa chesesi. Mzee akamulika tochi, pale lilipogusa pana alama inang'aa, ndogo, kama kucha ya kidole kidogo, chuma kimesuguliwa mpaka kikawa kioo. Hapo ndo mtetemo ulipokuwa unapita, unaruka mpira unapanda chesesi, chesesi inapeleka kwenye kabini, kabini inapeleka kwenye siti na kwenye saiti mira. Na kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukisukuma kwa mwendo wa bembea yenyewe inapaa, ukikosea mwendo inafifia. Resi ile moja ndo ilikuwa mwendo wa bembea ya kabini. Ndo maana nikiongeza nakuwa mtu mmoja.

Nikauliza, kwa hasira kabisa, nani aliweka mipira miwili akaacha miwili?

Kijana wangu akaangalia chini.

Nikafungua simu nikatafuta ujumbe wa mwaka jana kwa yule fundi aliyeziba lile bomba. Nikashuka, nikashuka, nikaupata. Aliniandikia: mauntingi zote nne zimechoka bosi, bora tubadilishe zote. Na mimi, kwa mkono wangu, na kialama cha kucheka mwishoni: "weka miwili tu hiyo mingine bado inadunda. tafuta ya bei nafuu"

Sikumwonyesha mzee. Nlirudisha simu mfukoni.

Rangi ya kucha

Mipira minne sahihi ilinigharimu laki tatu na elfu arobaini, na mbili kati ya hizo zilikuja kwa basi kutoka Dar zikakaa Makambako siku nzima kwa sababu basi lilikufa. Mzee aliinyanyua injini kwa jeki kidogokidogo, akaweka yote minne kwanza bila kukaza, akaiacha injini ikae inavotaka yenyewe, ndo akakaza. Ukikaza mmoja mmoja unaufunga mpira ukiwa umepinda, unaanza kufa siku hiyohiyo.

Baada ya hapo akaniambia niweke alama kwenye boluti ili zikilegea nione. Alisema rangi. Sikuwa na rangi. Nlikuwa na rangi ya kucha kwenye pochi, nyekundu, nikapiga mstari kutoka kichwa cha boluti mpaka kwenye bracketi, boluti zote za injini. Mstari ukikatika, boluti imezunguka. Mzee aliangalia akasema haijawahi kutokea kwenye maisha yake, lakini hakuna ubaya.

Mengine ni ya kawaida mnayajua. Kile kikombe cha maji tunamwaga kila asubuhi, dizeli ya madumu tumeacha. Oili ikivuja inafutwa siku hiyohiyo isifike kwenye mpira. Dakika tano za kupasha moto kabla ya kugusa udongo, na haikai kwenye ile resi ya bembea, tunapita. Mara moja kwa mwezi naweka viganja viwili kona zote nne, mwenyewe, wala simtumi mtu.

Kioo kinaonyesha mtu mmoja sasa. Opereta mpya anasema mashine nzuri. Ila huyu hajawahi kuikalia ikiwa mbovu, sasa atalinganisha na nini.

Simu ya Chunya

Ile hela ya ovahoo niliyookoa nilitamani inifurahishe. Haikunifurahisha sana.

Nilimpigia yule opereta wangu wa zamani, mara ya kwanza hakupokea. Nikajua ana haki. Nikakaa siku nne nikitunga nitakachosema, mara nianze na salamu, mara nianze na mashine, mara niseme tu kiuno kinaendeleaje, nikiyasema mwenyewe jikoni yanasikika ya kinafiki yote.

Jumamosi nikapiga tena. Akapokea. Nyuma yake kelele, mashine inanguruma, upepo.

"Shikamoo dada! Subiri nizime, sikusikii."

Nikasikia akiizima. Injini haikufa kimya, ilijitupa mara mbili tatu, ko, ko, ko, chuma kwa chuma, ndo ikanyamaza.

Yale yote niliyotunga yakanitoka.

"Hiyo mauntingi," nikamwambia, kabla hata ya kuitikia salamu yake.

Kimya kidogo. Afu akaanza kucheka, ule wa kujishika tumbo.

"Nimewaambia wiki ya tatu sasa," akasema.